Theluthi ya pia inatoka wapi

Mwanafunzi akiulizwa ujazo wa pia, lile umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, hujibu haraka, kwa sababu kanuni yake ni fupi na imekaririwa na wengi: theluthi moja, mara pai, mara nusukipenyo kwa kipeo cha pili, mara kimo. Kwa alama huandikwa V = 1/3 × π × r² × h. Sehemu kubwa ya kanuni hiyo haimsumbui mtu. Pai mara r² ni eneo la duara, na duara hilo ndilo kitako cha pia. Kulizidisha eneo hilo kwa kimo ni kutafuta ujazo wa mcheduara, au silinda kama wengi wanavyouita, wenye kitako kilekile na kimo kilekile. Kinachobaki bila maelezo ni ile theluthi iliyotangulia, ambayo katika vitabu vingi hutokea ghafla, hukubaliwa, kisha mazoezi yanaendelea. Ni sehemu ndogo ya kanuni, lakini ndiyo iliyobeba hesabu yote, na asiyeielewa hulazimika kuitegemea kumbukumbu, ambayo siku ya mtihani ina tabia ya kutoroka.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Umbo lenyewe linaitwa pia kwa kufananishwa na kile kidude cha kuchezea kinachozungushwa juu ya ncha yake. Lina kitako cha duara, lina ncha moja, na lina ubavu uliopinda unaounganisha ncha na ukingo wa kitako. Kimo ni umbali wa wima kutoka nchani hadi kwenye bapa la kitako. Urefu wa mshazari ni umbali kutoka nchani hadi ukingoni kwa kufuata ubavu. Hivi viwili havilingani kamwe, na kuvichanganya ndilo kosa linaloharibu majibu mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Kwa nini basi isiwe nusu? Swali hili ni la haki, na anayeliuliza hafikiri vibaya. Ukiitazama pia kwa ubavu utaona pembetatu. Ukiutazama mcheduara unaoizunguka utaona mstatili. Na kila mtu anajua kwamba pembetatu iliyokaa hivyo ndani ya mstatili huchukua nusu ya eneo lake. Jicho linaona sawasawa, ila linaona picha bapa. Pia haipungui upande mmoja tu kadiri unavyopanda kuelekea nchani. Hupungua kushoto na kulia, na papo hapo hupungua mbele na nyuma. Ukifika katikati ya kimo, upana wake umekuwa nusu ya upana wa chini, lakini duara lenye nusukipenyo nusu halina nusu ya eneo, lina robo. Ukifika kwenye robo tatu ya kimo, upana umebaki robo, na eneo limebaki sehemu moja ya kumi na sita. Pembetatu hupoteza urefu wa mstari kwa mwendo mmoja usiobadilika, ilhali pia hupoteza eneo kwa kasi kubwa tangu mwanzo, na ndiyo maana ujazo wake lazima uwe chini ya nusu. Chini kiasi gani, hilo ndilo la kutafutwa.

Njia ya mkono ipo, na ni nzuri ikifanywa kwa uangalifu. Kata karatasi ngumu, tengeneza pia isiyo na kifuniko, tengeneza na mcheduara wenye mdomo uleule na kimo kilekile, kisha ijaze pia mchanga mkavu, usawazishe kwa rula na uumimine ndani ya mcheduara. Mmimino wa kwanza utafika theluthi ya kimo, wa pili theluthi mbili, na wa tatu utajaa hadi ukingoni. Mara ya kwanza nilipojaribu mwenyewe, mmimino wa tatu haukunifikisha ukingoni, na wa nne ulipomwagwa mchanga ukafurika. Nilikuwa nimekata kipande cha duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10, nikakikunja kuwa pia yenye mdomo wa nusukipenyo cha sentimita 6, kisha nikautengeneza mcheduara wenye kimo cha sentimita 10, kwa kuwa huo ndio urefu niliouona kwenye karatasi. Ule ulikuwa urefu wa mshazari. Kimo halisi cha pia ile kilikuwa sentimita 8, na mcheduara wangu ulihitaji mimimino mitatu na robo tatu. Kasoro ilikuwa kwenye rula yangu, na kanuni ilikuwa salama.

Hata hivyo mchanga hauthibitishi kitu. Unaonyesha kwamba jibu liko karibu na theluthi, lakini hauwezi kutofautisha theluthi kamili na, tuseme, 0.34. Hapo ndipo hesabu inapochukua nafasi, na historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Mgiriki Democritus, aliyezaliwa karibu mwaka 460 KK, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutamka kwamba pia ni theluthi ya mcheduara. Tunalijua hilo kupitia maneno ya Archimedes, katika andiko lililopotea kwa karne nyingi hadi mwaka 1906, pale msomi Johan Heiberg alipolitambua huko Istanbul, likiwa limefichika chini ya maandishi ya sala yaliyoandikwa juu yake baadaye. Archimedes anasema kwamba Democritus alilitamka jambo hilo bila kulithibitisha, na kwamba uthibitisho ulitolewa na Eudoxus. Kisha Euclid akauweka uthibitisho huo katika kitabu cha 12 cha mkusanyo wake wa jiometri uitwao Elements.

Democritus huyohuyo ndiye anayehusishwa na fumbo ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha zaidi kuliko kanuni yenyewe. Ikate pia kwa kisu, sambamba na kitako. Sasa una nyuso mbili zilizokuwa zimegusana: uso wa juu wa kipande cha chini, na uso wa chini wa kipande cha juu. Je, nyuso hizo zinalingana au hazilingani? Ukisema zinalingana, basi ni hivyo popote utakapokata, na umbo ambalo kila tabaka lake linalingana na la jirani yake si pia tena, ni mcheduara. Ukisema hazilingani, basi ubavu wa pia si laini. Una vidaraja vidogo kama ngazi. Pia halisi inaonekana kukataa majibu yote mawili. Kutoka katika fumbo hilo ni kukubali kwamba tabaka lenye unene, hata liwe jembamba vipi, si uso, na kwamba ngazi tunaweza kuijenga kwa makusudi ili tuione inavyoikaribia pia bila kuwa pia.

Tuijenge basi. Igawe pia katika matabaka 10 yenye unene sawa, na kila tabaka ulifunike kwa sahani ya duara yenye upana wa sehemu ya chini ya tabaka hilo. Sahani ya chini kabisa ina nusukipenyo kizima, inayofuata ina 9/10 ya nusukipenyo, kisha 8/10, na kuendelea hadi ya juu kabisa yenye 1/10. Kwa kuwa eneo hufuata kipeo cha pili, sahani hizo zikilinganishwa zinakuwa kama namba 100, 81, 64, 49, 36, 25, 16, 9, 4 na 1. Zikijumlishwa tunapata 385. Mcheduara mzima, uliojengwa kwa sahani 10 za ukubwa wa ile ya chini, ni 1,000. Kwa hiyo ngazi hii, ambayo ni kubwa kuliko pia kwa sababu kila sahani yake imechomoza nje kidogo, ni 0.385 ya mcheduara. Sasa jenga ngazi ya pili kwa kuzibana sahani ziingie ndani ya pia, kila moja ikipewa upana wa sehemu ya juu ya tabaka lake. Ile ya 100 inaondoka, na jumla inabaki 285, yaani 0.285 ya mcheduara. Pia iko katikati ya ngazi hizi mbili.

Matabaka yakiwa 100, ngazi ya nje inakuwa 0.33835 na ya ndani 0.32835. Yakiwa 1,000, ya nje ni 0.3338335 na ya ndani ni 0.3328335. Tofauti kati ya ngazi mbili daima ni sahani moja tu, ile ya chini kabisa, na sahani hiyo tunaweza kuipunguza unene kadiri tutakavyo. Anayetaka kuona kwa nini namba hizi zinakimbilia theluthi na si mahali pengine, tukiita n idadi ya matabaka, jumla ya namba mraba kuanzia 1 hadi n² ni n × (n + 1) × (2n + 1) ÷ 6, na ukiigawanya kwa n³ unapata 1/3 + 1/(2n) + 1/(6n²). Sehemu mbili za mwisho hufifia n inapokua, na theluthi hubaki palepale. Jaribu kwa n = 10: 0.3333 jumlisha 0.05 jumlisha 0.0017, inakuwa 0.385, ileile tuliyoipata kwa kuhesabu sahani. Pia inabanwa pande zote mbili, na hakuna namba nyingine inayoweza kukaa katikati ya ngazi zote za nje na zote za ndani isipokuwa 1/3 kamili. Aliyesoma kalkulasi ataitambua hii kuwa ni ujumlishaji uleule unaomwambia kwamba x² huzaa x³ ÷ 3. Ile 3 chini ya mstari ni ileile ya pia.

Ipo njia nyingine, isiyo na jumla ndefu, na kwa mtu anayependa kuona kwa macho ni tamu zaidi. Chukua mchemraba na uchague kona moja. Nyuso tatu za mchemraba zinakutana kwenye kona hiyo, na tatu zilizobaki haziigusi. Kutoka kwenye kona uliyochagua, vuta mistari hadi kwenye pembe zote za mojawapo ya nyuso zisizoigusa. Umepata piramidi yenye kitako cha mraba, na ncha yake iko juu ya kona ya kitako, si juu ya kitovu. Fanya hivyo kwa nyuso mbili nyingine. Piramidi hizo tatu zinaujaza mchemraba wote bila kuacha pengo wala kupandana, na zinafanana kabisa, kiasi kwamba ukiugeuza mchemraba juu ya ulalo wake, moja inaingia mahali pa nyingine. Basi kila moja ni theluthi ya mchemraba. Hapa theluthi haikukaribiwa hatua kwa hatua. Imehesabiwa kwa vidole.

Kutoka piramidi hadi pia ni hatua moja, na hatua hiyo ina jina la Mwitaliano Bonaventura Cavalieri, aliyeitumia katika kazi yake ya mwaka 1635. Anasema hivi: maumbo mawili yenye kimo kimoja, yakikatwa katika kila urefu na bapa lililo sambamba na vitako vyake, na kila mara nyuso zilizokatwa zikawa na eneo sawa, basi yana ujazo sawa. Rundo la sarafu hulieleza jambo hili vizuri. Lipange wima, kisha lisukume pembeni liiname. Umbo limebadilika, lakini sarafu ni zilezile na ujazo ni uleule. Sasa chukua pia na piramidi zenye kimo kimoja na vitako vya eneo moja. Ukikata katikati, zote mbili zinabaki na robo ya eneo la kitako. Ukikata kwenye robo tatu, zote zinabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Haijalishi kwamba moja ni duara na nyingine ni mraba; eneo linapungua kwa mwendo mmoja, kwa hiyo ujazo ni mmoja. Kwa sababu hiyohiyo pia iliyoinama, ambayo ncha yake haiko juu ya kitovu cha kitako, ina ujazo sawa na iliyosimama wima, ili mradi kimo kipimwe wima na si kwa kufuata ubavu.

Msomaji makini anaweza kuuliza: kama mchemraba unakatika vizuri hivyo katika piramidi tatu, kwa nini tusiikate kila piramidi kwa kisu na kuipanga upya, tukaachana na haya matabaka yasiyo na mwisho? Mwaka 1900 mwanahisabati Mjerumani David Hilbert aliliweka swali la aina hiyo miongoni mwa matatizo makuu aliyoyakabidhi kwa wanahisabati wa karne iliyokuwa inaanza. Kabla mwaka haujaisha, mwanafunzi wake Max Dehn alikuwa ameshalijibu: haiwezekani kwa jumla. Piramidi yenye nyuso nne za pembetatu zilizo sawa pande zote haiwezi kukatwa katika vipande vyenye nyuso bapa, idadi yake yenye kikomo, vikapangwa upya kuwa mchemraba. Katika maumbo bapa kila pembetatu inakatika na kuwa mraba. Katika maumbo yenye unene mlango huo umefungwa. Mchemraba wetu na piramidi zake tatu ni bahati njema, wala haimfai mwalimu kuuwasilisha kana kwamba kila piramidi ni mtiifu hivyo.

Turudi kwenye kipeo cha pili na cha tatu, kwa sababu kinazaa jambo linalowashangaza hata watu wazima. Chukua chombo cha umbo la pia kilichosimama kwa ncha, mdomo juu, chenye kina cha sentimita 10. Kijaze maji hadi sentimita 5. Je, umekijaza nusu? Maji yale ni pia ndogo yenye nusu ya kimo na nusu ya nusukipenyo. Nusu mara nusu mara nusu ni thumuni. Chombo kinachoonekana kimefika nusu kina sehemu moja tu kati ya nane za ujazo wake. Ili ufikishe nusu ya kweli lazima maji yapande hadi sehemu ambayo kipeo chake cha tatu ni nusu, nayo ni 0.794 ya kina, yaani karibu sentimita 7.9. Zile sentimita mbili zilizobaki juu zinabeba nusu nzima.

Sasa mahesabu yenyewe. Tuchukue pia yenye kipenyo cha sentimita 14 na urefu wa mshazari wa sentimita 25, swali la aina inayopendwa na watunga mitihani kwa sababu halikupi hata kimoja cha vitu viwili unavyovihitaji. Nusukipenyo ni nusu ya 14, yaani 7. Kimo, nusukipenyo na mshazari vinaunda pembetatu yenye pembe mraba, na mshazari ndio upande mrefu kuliko yote, kwa hiyo kwa kanuni ya Pythagoras h² = 25² − 7² = 625 − 49 = 576, na kipeuo cha pili cha 576 ni 24. Ujazo ni 1/3 × 22/7 × 49 × 24. Hapa usikimbilie kuzidisha kila kitu; 49 ikigawanywa kwa 7 ni 7, 24 ikigawanywa kwa 3 ni 8, na kinachobaki ni 22 × 7 × 8, yaani sentimita za ujazo 1,232. Aliyetumia mshazari badala ya kimo atapata karibu 1,283, jibu linalofanana na la kweli kiasi cha kumdanganya. Aliyepata kimo sawasawa lakini akaweka kipenyo badala ya nusukipenyo katika hatua ya mwisho atapata 4,928, mara nne ya jibu sahihi, maana nusukipenyo kikizidishwa mara mbili eneo la kitako huzidi mara nne. Kosa la kwanza ni la hatari zaidi kwa sababu halijitangazi.

Wakati mwingine hata nusukipenyo hakipimiki. Rundo la mchanga lililokaa chini huwezi kulipasua ili upitishe utepe kwenye kitovu chake. Unachoweza ni kuuzungusha utepe chini na kupata mzingo. Mzingo, tuuite C, ni 2πr, na kwa kuweka r = C ÷ 2π katika kanuni tunapata V = C² × h ÷ 12π. Rundo lenye mzingo wa mita 12 na kimo cha mita 1.5 lina 144 × 1.5 ÷ 37.7, takriban mita za ujazo 5.73. Wachina wa kale walikuwa na kanuni hiihii katika kitabu chao cha hesabu chenye sura tisa: mzingo ujizidishe wenyewe, uzidishwe kwa kimo, ugawanywe kwa 36. Hiyo 36 ni 12 mara 3, kwa kuwa walichukua pai kuwa 3. Kwa rundo letu wangepata mita za ujazo 6 kamili, ziada isiyofika asilimia 5, na nadhani rundo lenyewe, kwa jinsi lisivyo pia kamili, lina kasoro kubwa kuliko hiyo.

Neno moja kuhusu karatasi, kwa kuwa wengi hukutana na pia kwa njia hiyo. Kipande cha duara kikikunjwa, nusukipenyo chake huwa mshazari wa pia, na tao lake huwa mzingo wa mdomo. Nusu duara yenye nusukipenyo cha sentimita 20 huzaa pia yenye r = 10, kimo cha 17.32 na ujazo wa karibu 1,814. Ukikata kipande kikubwa zaidi mdomo unapanuka lakini kimo kinashuka, na kati ya hayo mawili kuna mahali ambapo ujazo ni mkubwa kuliko kwingine kote: kipande chenye pembe ya karibu nyuzi 294, ambacho kwa karatasi hiyohiyo hutoa karibu 3,225.

Limebaki umbo ambalo kwa kweli tunaliona mara nyingi kuliko pia yenyewe, nalo ni pia iliyokatwa ncha, mfano wake ndoo. Tuseme ndoo ina nusukipenyo cha sentimita 15 mdomoni, sentimita 10 chini, na kimo cha sentimita 24. Wengi huchukua wastani wa nusukipenyo, 12.5, na kuhesabu kama mcheduara. Hupata 11,781, na hawajui kwamba wamepungukiwa. Njia salama ni kuirudisha ncha iliyokatwa. Kwa kila sentimita 24 za kimo nusukipenyo kinapungua 5, kwa hiyo ili kipungue 15 hadi kufika sifuri tunahitaji sentimita 72. Pia nzima ni 1/3 × π × 225 × 72, yaani 5,400π. Ncha isiyokuwapo ina kimo cha 48 na nusukipenyo cha 10, na ujazo wake ni 1,600π. Tofauti ni 3,800π, takriban sentimita za ujazo 11,938, au karibu lita 12.

Ukifanya hesabu hiyo kwa herufi badala ya namba, inatoka V = 1/3 × π × h × (R² + Rr + r²), R ikiwa nusukipenyo cha upande mpana na r cha upande mwembamba. Ndugu yake wa piramidi, usio na pai, ni wa kale mno: katika mafunjo ya Misri yaliyohifadhiwa Moscow, ya karibu mwaka 1850 KK, limo tatizo la piramidi iliyokatwa ncha yenye kimo cha 6, kitako chenye upande wa 4 na juu upande wa 2. Mwandishi anachukua 16, 8 na 4, anazijumlisha kuwa 28, anazidisha kwa theluthi ya 6, na anapata 56, jibu lisilo na kosa.

Itazame tena kanuni hiyo ya ndoo na uicheze kidogo. Ubane upande mwembamba hadi r iwe sifuri: Rr na r² zinatoweka, inabaki R² peke yake na theluthi yake mbele, na pia imerudi. Sasa upanue upande huo hadi r iwe sawa na R: mabano yanabeba R² mara tatu, tatu inaimeza theluthi, na kilichobaki mkononi ni πR²h, mcheduara mtupu.